Kabla Majani Hayajawa Mekundu: Namna ya Kutumia Mwisho wa Majira ya Joto Katika Kazi ya Sanaa

Wasanii wengi husubiri mpaka majani yawe mekundu kabisa ndipo watoe brashi, kamera au kalamu. Wakati huo sehemu kubwa ya utajiri imekwisha kupita. Rangi ikifika kilele hudumu siku chache, upepo wa usiku mmoja unaweza kuikung'uta yote, na picha zinazotokana nayo hufanana: mti mwekundu, anga la bluu, basi. Chemchemi yenyewe ya mawazo ni mpito, yaani zile wiki sita hadi nane ambamo kijani kinaondoka polepole, rangi nyingine zinajitokeza, jua linashuka na matawi yanaanza kutoa sauti nyingine. Hapa tunaeleza namna ya kuufuata mpito huo kwa mti mmoja na daftari moja, na namna ya kuvuna michoro, chapa za majani, wino na maandishi kutoka humo.

Lini uanze, na mti gani

Katika nusu ya kaskazini ya dunia anza wiki ya mwisho ya Agosti. Katika nusu ya kusini, wiki ya mwisho ya Februari. Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu majira ya kupukutika majani kuanzia Septemba 1 au Machi 1, na wanaastronomia kuanzia siku ya mlingano wa mchana na usiku, ambayo kaskazini huangukia Septemba 22 au 23 na kusini Machi 20 au 21. Mti haufuati kalenda yoyote kati ya hizo. Unafuata urefu wa usiku, baridi na maji yaliyomo ardhini. Ukame wa mwisho wa majira ya joto unaweza kuangusha majani mapema bila rangi ya maana, na huko milimani mabadiliko hutangulia yale ya bondeni. Ndiyo maana ni bora kuanza mti ukiwa bado wa kijani. Usipokuwa na kumbukumbu ya kijani hicho, hutakuwa na kitu cha kulinganisha baadaye.

Chagua mti ambao unaupitia kila siku na ambao tawi lake la chini unalifikia kwa mkono. Jamii za Acer (maple) na Liquidambar (sweetgum) hutoa nyekundu na zambarau, na hubadilika kwa madoa madoa, jambo linalompa mchoraji kazi nyingi. Betula (birch) na Tilia (linden) huenda kwenye njano. Quercus (mwaloni) na Fagus (beech) huishia kwenye kahawia, na miti yake michanga mara nyingi hubaki na majani makavu hadi katikati ya baridi. Ginkgo ni mzuri sana, ila uwe macho: huweza kumwaga karibu majani yake yote ndani ya siku moja au mbili. Alnus (alder) usiuchague kwa kazi hii, kwa kuwa huangusha majani yangali ya kijani.

Ukipata mti uliosimama karibu na taa ya barabarani, uchukue huo. Majani yaliyo jirani na taa hukaa na kijani muda mrefu kuliko ya upande wa giza, hivyo mti mmoja unakuonyesha wiki mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Kwenye tawi moja weka alama majani matano kwa kufunga uzi mwembamba kwenye kikonyo cha kila moja. Funga kwa kulegeza. Uzi uliokazwa huminya mirija, sukari hukwama ndani ya jani, nalo hugeuka rangi kabla ya wenzake. Utadhani umeona mwanzo wa msimu kumbe umeutengeneza mwenyewe.

Kinachotokea ndani ya jani

Inafaa kukijua, kwa sababu kinaamua namna ya kupaka rangi. Jani la majira ya joto lina klorofili nyingi, yaani rangi ya kijani, na chini yake zimo karotenoidi za njano na chungwa zilizokuwepo tangu mwanzo. Usiku unaporefuka, mti unaivunja klorofili na kurudisha virutubisho kwenye matawi na mizizi, huku tabaka la seli likijijenga kwenye shina la kikonyo ili jani likatike. Kijani kikipungua, njano inaonekana. Haikuja, ilikuwa imefunikwa.

Nyekundu ni habari nyingine. Anthosianini, rangi ya nyekundu na zambarau, katika miti mingi hutengenezwa upya wakati huu huu kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, nayo inahitaji mwanga. Siku za jua kali zikifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta nyekundu iliyokolea. Mawingu mfululizo huleta mwaka uliofifia. Kahawia ya mwisho hutokana na tanini (kemikali ya mimea yenye ukakasi) na mabaki mengine, rangi hai zikishaisha.

Kwa kuwa nyekundu inataka mwanga, jani lililofunikwa na jani jingine hubaki na njano au kijani pale palipokuwa na kivuli. Inua jani la juu taratibu na utaona umbo lake limechapwa juu ya la chini. Wengi hupita karibu na chapa hizi kila mwaka bila kuziona. Zitafute upande wa mti unaopigwa na jua la mchana, kwenye matawi ya nje, wiki ile nyekundu inapoanza. Michoro mizuri sana ya msimu huu huanzia hapo.

Daftari la kanda za rangi

Hii ndiyo kazi ya msingi, na mengine yote huegemea juu yake. Tumia daftari la rangi za maji lenye karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza kuipata. Karatasi nyepesi hujikunja, rangi hukusanyika kwenye mabonde, na ulinganisho wako unaharibika.

Kila baada ya siku tatu paka ukanda mmoja wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 12. Ugawe sehemu tatu: juu rangi inayotawala kwenye jani, katikati rangi ya mishipa na ukingo wa karibu nayo, chini rangi ya upande wa nyuma wa jani. Upande wa nyuma usiuruke. Mara nyingi ndio unaochelewa, na ule ukijivu wake ndio unaofaa kwa vivuli vya picha nzima. Kwa wiki nane utapata kanda 19 hivi.

Rangi sita zinatosha. Soma namba ya kemikali iliyoandikwa kwenye tyubu badala ya jina la kupendeza, kwa sababu jina moja hubeba vitu tofauti kwa watengenezaji tofauti: PY154 kwa njano safi, PY150 kwa njano yenye kina, PY42 kwa njano ya udongo, PR101 inayopitisha mwanga kwa kahawia nyekundu, PV19 kwa waridi iliyoiva, na PB29 kwa bluu ya ultramarini. Epuka PR83, ile nyekundu ya alizarini ya zamani. Hufifia ikikaa kwenye mwanga.

Kijani cha mwisho wa majira ya joto si kijani cha tyubu. Anza na sehemu mbili za PY150 kwa moja ya PB29, kisha gusa PR101 kidogo sana, kiasi cha ncha ya brashi, ili uvunjike ule ung'avu. Jinsi siku zinavyokwenda, punguza bluu, halafu badilisha PY150 kwa PY154. Kwa chungwa, changanya PY154 na PV19. Nyekundu iliyoiva ni PV19 yenye PY150 kidogo. Kahawia ya mwisho ni PR101 na PB29, na kwa uwiano tofauti mchanganyiko huo huo hukupa kijivu cha gome na giza la kivuli, hivyo rangi nyeusi hutaihitaji kamwe.

Kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea jani linapokuwa nusu kijani, nusu jekundu. Mchoraji anaweka kijani upande huu na nyekundu upande ule zikiwa zote mbichi, zinakutana katikati, na hapo katikati panakuwa tope. Kijani na nyekundu ni rangi zinazokabiliana, zikichanganyika zinauana. Fuata mpangilio wa jani lenyewe, yaani tabaka juu ya tabaka:

1. Paka njano jani zima kwa PY154 iliyozimuliwa sana, uiache ikauke kabisa. Dakika kumi na tano hadi ishirini kwa kawaida zinatosha. Karatasi ikiwa bado baridi kwa mgongo wa kiganja, haijakauka.
2. Paka kijani mahali tu ambapo klorofili imebaki. Katika majani mengi ni kando ya mishipa mikubwa, lakini liangalie lako, kwa sababu mengine huanza kugeuka kwenye mishipa yenyewe. Lainisha ukingo kwa brashi yenye maji safi. Subiri tena.
3. Paka PV19 nyepesi pale palipopigwa na jua. Ikilala juu ya njano itatoa chungwa na nyekundu; ikilala juu ya kijani itatoa ule weusi wa zambarau ambao majani halisi huwa nao, na ambao huwezi kuupata kwa kukoroga kwenye sahani.

Linganisha rangi ndani ya saa moja baada ya kuchuma, jani likiwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Balbu ya njano usiiamini hata kidogo. Kumbuka pia kwamba rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo usihukumu ukanda mbichi. Paka kipande cha majaribio, kikaushe, ndipo uamue.

Wakati mwingine chungwa lako litaonekana limekufa ingawa umelichanganya sawasawa. Kabla ya kuongeza rangi, tazama jirani yake. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins huko Paris, alichapisha mwaka 1839 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu jambo hili: rangi moja hubadilika machoni kulingana na ile iliyo kando yake. Weka kijivu chenye ubluu, PB29 na PR101 iliyozimuliwa, pembeni ya chungwa lile lile nalo litawaka. Zungusha jani kwa njano na utalizima.

Mwanga: fimbo ya mita moja

Rangi ya majani ni nusu tu ya mabadiliko. Nusu nyingine ni pembe ya jua, na unaweza kuipima kwa fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa wima. Kwenye latitudo ya nyuzi 50, katikati ya mchana wa siku ndefu kuliko zote, kivuli chake kina urefu wa sentimita 50 hivi. Siku ya mlingano wa mchana na usiku kimefika sentimita 119. Mwezi mmoja baadaye kimepita kidogo mita 1.8. Kipindi hiki ndicho ambacho urefu wa mchana hubadilika haraka kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwenye latitudo hiyo hupungua karibu dakika 4 kila siku.

Kwa mchoraji, maana yake ni kwamba vivuli vilivyokuwa chini ya vitu sasa vinalala kando yake na kuwa sehemu ya umbo. Pima kivuli mara moja kwa wiki, saa ile ile, na uandike urefu chini ya ukanda wa siku hiyo. Ukija kutengeneza picha kubwa miezi baadaye, urefu huo utakuambia vivuli vilale vipi, maana kuvikisia ni vigumu na jicho la mtazamaji huhisi kosa hata asipoweza kulitaja.

Kukausha majani yasipoteze rangi

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Jani lenye unyevu juu yake huota ukungu ndani ya siku chache. Chukua yaliyo karibu kuanguka lakini bado laini. Yaliyokaa ardhini usiku kucha mara nyingi yana madoa ambayo huonekana baadaye tu.

Panga kati ya karatasi zinazofyonza, kama gazeti lisilong'aa, jani lisigusane na jenzake, halafu weka juu yake uzito wa kilo 5 hadi 10. Badilisha karatasi baada ya saa 24 za mwanzo. Hiki ndicho kipindi jani hutoa maji mengi, na ukiruka hatua hii nyekundu itageuka kahawia. Kisha badilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Majani membamba kama ya Betula huwa tayari kwa siku saba, manene huhitaji hadi kumi na nne. Kikonyo kinene kikate, ukikaushe peke yake, ukibandike baadaye, kwa sababu kikibaki huinua karatasi na kuacha pete ya mikunjo kuzunguka sehemu ya chini ya jani.

Ukihitaji leo leo, tumia pasi ya joto la wastani bila mvuke: jani kati ya karatasi mbili, bonyeza sekunde kumi, inua, liache lipoe, rudia mara tatu au nne. Usiiburute pasi.

Kwa majani yatakayokunjwa au kushonwa, loweka kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya gliserini na mbili za maji kwa siku tatu hadi sita, yakiwa yamezama kabisa chini ya sahani nzito, kisha yafute. Yatabaki laini, ingawa rangi yake itakolea na kuelekea kahawia.

Hakuna njia kati ya hizi inayozuia mwanga kula rangi. Jani lililobandikwa ukutani karibu na dirisha litapauka, na nyekundu mara nyingi hutangulia. Ukitaka kumbukumbu ya rangi, ukanda uliopaka ndio utakaodumu; jani lililokaushwa lihesabu kuwa kumbukumbu ya umbo.

Chapa za majani kwa mvuke

Kazi hii inadai majani ya mpito kuliko nyingine zote. Tanini iliyomo ndani ya jani hukutana na chuma na kuacha alama ya kijivu, zaituni au nyeusi kwenye karatasi. Jani lililokwisha kukauka mtini halitoi kitu cha maana. Ile wiki ambayo tawi moja lina majani ya kijani, ya nusu na mekundu ndiyo ya kufanya kazi. Na jambo moja lieleweke mapema ili usivunjike moyo: jani jekundu halichapi nyekundu. Joto huivunja anthosianini, na kinachobaki ni kijivu, kahawia au ukijani.

Wiki mbili kabla, tengeneza maji ya chuma. Weka misumari yenye kutu, gramu 100 hivi, kwenye chupa ya kioo yenye robo lita ya siki na robo lita ya maji. Kifuniko usikikaze, kwa sababu mchanganyiko hutoa gesi. Ukiwa tayari utakuwa na rangi ya chungwa iliyochafuka.

Kata karatasi nane za rangi za maji, zile za gramu 300, kila moja sentimita 14 kwa 14. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, loweka karatasi nusu saa, kisha zining'inize zichuruzike hadi ziwe na unyevu bila kudondosha. Kwenye bakuli jingine weka kijiko kimoja cha chakula cha maji ya chuma katika nusu lita ya maji, zamisha majani humo dakika tano, uyakaushe kwa kitambaa kwa kuyagusa tu.

Panga majani juu ya karatasi ya kwanza, upande wa mishipa ukitazama chini, kwani huo ndio kwa kawaida unaotoa chapa kali. Weka karatasi ya pili juu yake, majani mengine, karatasi ya tatu, na kuendelea. Usijaze kila pembe; nafasi tupu ndiyo itakayoonyesha umbo. Bana rundo zima kati ya vigae viwili na ufunge kwa kamba kwa nguvu zako zote. Weka juu ya wavu ndani ya sufuria, maji yakiwa chini yake bila kugusa rundo, funika, uchemshe kwa mvuke dakika 90. Geuza rundo katikati ya muda na uongeze maji. Sufuria hiyo isirudi jikoni kupikia chakula, na dirisha liwe wazi muda wote.

Kisha subiri. Rundo linalofunguliwa likiwa moto hutoa chapa hafifu, zenye kingo zinazotiririka. Liache usiku kucha, lifungue asubuhi, ondoa majani, suuza kila karatasi mara mbili kwa maji safi, na uikaushe chini ya uzito.

Chapa ikitoka na ukungu wa rangi kuzunguka jani, karatasi zilikuwa na maji mengi mno au kamba ililegea. Ikitoka nyeusi kila mahali, chuma kilizidi, na si sura tu inayoharibika: chuma kingi huila karatasi kadiri miaka inavyokwenda. Ikiwa hafifu licha ya kufuata kila kitu, badilisha mti kabla ya kubadilisha vipimo. Acer, Quercus, Cotinus (smoke bush) na waridi huchapa vizuri. Majani yenye tanini kidogo hayatachapa hata uyachemshe siku nzima.

Wino wa maganda ya jozi nyeusi

Mti wa jozi nyeusi, Juglans nigra, huangusha matunda yake kipindi hiki hiki, na ganda la nje, lile la kijani linaloanza kuweusika, ndilo lenye wino. Vaa glovu; rangi yake hushika ngozi kwa wiki na zaidi.

Maganda kumi hadi kumi na mawili yafunike kwa lita 1 na nusu ya maji kwenye sufuria isiyotumika kwa chakula. Chemsha kwa moto mdogo saa mbili, acha yalale humo usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Rudisha maji motoni bila kifuniko mpaka yapungue hadi nusu au theluthi. Jaribu kwa kalamu kila baada ya dakika ishirini: mstari ukiwa wa hudhurungi iliyokolea, zima. Katika kila mililita 250 za wino wa moto koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa gundi ya kiarabu, kisha matone matatu ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Hifadhi kwenye chupa ya kioo mahali pa baridi.

Wino ukisambaa kwenye karatasi kama maji, ongeza gundi kidogo kidogo. Ukikwama kwenye nibu na kung'aa ukikauka, gundi imezidi, zimua. Tumia kalamu ya kuchovya au brashi peke yake, kamwe usiutie kwenye kalamu yenye tangi la wino, utaziba mirija yake. Andikia nao tarehe na maelezo ya daftari, ili rangi ya msimu iwemo hata kwenye maneno.

Kwa waandishi

Anayeandika anahitaji daftari hili sawa na mchoraji, ila kanda zake ni sentensi. Kila baada ya siku tatu, simama chini ya mti dakika kumi na uandike mistari sita kuhusu jani moja kati ya yale matano. Jiwekee marufuku tatu: usitaje rangi yoyote kwa jina, usitaje msimu, usitaje uzee wala kifo. Marufuku ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida, kwa kuwa mlinganisho wa majani makavu na mwisho wa maisha umechoka kabisa, na unakuja wenyewe kalamu ikilegea.

Utalazimika kutegemea vitenzi na hisia nyingine, na hapo ndipo yaliyomo hujitokeza. Jani bichi kwenye upepo hupiga kelele ya chini, nzito. Likikauka, mti ule ule hucharaza kwa sauti ya juu yenye kukwaruza. Ardhi iliyonyeshewa baada ya siku kavu hutoa geosmini, harufu ya udongo inayotokana na bakteria. Majani ya Cercidiphyllum (mti wa katsura) yanayoanguka hunukia sukari iliyoungua. Asubuhi zenye umande nyuzi za buibui zinaonekana kila kichaka, ilhali zilikuwepo jana bila kuonekana. Mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya kabla ya kuhama, halafu siku moja nyaya ni tupu.

Anayetunga kwa arudhi, yaani kanuni za ushairi, ana chombo kinachokaa vizuri mno na somo hili. Chukua tarbia, mishororo minne ya mizani 8 kwa 8. Kina cha kati kibebe kinachoondoka, kina cha mwisho kibebe kinachokuja, na kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, vibadilishane nafasi, cha mwisho kiingie ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) na cha kati kiende utao (kipande cha pili). Beti moja kwa kila ukanda ni nyingi. Beti moja kwa wiki, nane kwa jumla, inatosha kulifuata jani kuanzia kijani hadi ardhini. Chagua vina vyenye maneno mengi kabla ya kuanza, maana utavihitaji wiki zote nane.

Kamera kwa ufupi

Piga kutoka pale pale kila siku ya ukanda. Weka alama ardhini. Mpangilio wa weupe (white balance) uwe wa mwanga wa mchana, usiachie kamera ichague, kwa sababu kamera ikiachwa yenyewe huona uchungwa kama kosa na kuuondoa. Punguza mwanga kwa theluthi moja hadi theluthi mbili za hatua (stop) ya kamera wakati wa nyekundu, la sivyo mishipa hupotea ndani ya doa moja bapa. Kichujio cha polaraizi huondoa ule mng'ao mweupe juu ya majani, hata siku ya mawingu. Na chapa za kivuli zilizotajwa juu zipige jani likiwa limeinuliwa dhidi ya jua, mwanga ukipita ndani yake.

Kutoka daftari hadi kazi kamili

Kanda 19 za sentimita 2 zikipangwa bega kwa bega hufanya mchoro wa sentimita 38 ambao tayari ni kazi kamili. Usizinyooshe ziwe mteremko laini wa rangi. Kutakuwa na ukanda uliorudi nyuma kwa sababu ya siku tatu za joto, na mwingine ulioruka mbele baada ya usiku wa baridi. Iache mikwaruzo hiyo. Mfumaji anaweza kuzifuata kwa safu nne za uzi kwa kila ukanda, safu 76 kwa jumla, akichagua nyuzi kwa kuzilaza juu ya daftari mchana karibu na dirisha. Mchoraji wa picha kubwa achague kanda tatu tu, moja ya kila awamu, na azitumie kama rangi pekee za picha nzima. Ikizidi hapo, picha huanza kueleza msimu wote na hukosa siku yoyote mahususi.

Nyuma ya kila chapa na kila jani andika jenasi ya mti, tarehe, upande wa mti ulikochuma na urefu wa kivuli wa wiki hiyo. Chapa zihifadhi zikiwa zimelala, na karatasi isiyo na asidi katikati yake, mbali na michoro ya rangi za maji, kwa sababu chuma kilichobaki huweza kuchafua karatasi ya jirani. Uzi wa jani la tano usiukate mpaka jani lenyewe lianguke. Tarehe hiyo ndiyo ya mwisho kuandikwa kwenye daftari, na mwaka ujao utaanzia wiki tisa kabla yake.